Wazungu Wote Wanafanana?

Jimbo la Shinyanga lilipoanzishwa mwaka 1956, Bariadi ikiwemo, askofu wake wa kwanza alikuwa Edward McGurkin, Mmarekani wa Maryknoll. Wamisionari wamekuja na kuondoka, na bado tunasema: "Wazungu wote wanafanana." Nao husema hivyo juu yetu, kwa sauti ya chini.

Mara nyingi si dharau. Macho hujifunza nyuso yanazoziona. Utafiti wa mwaka 2005 uliwapima Wakorea waliolelewa na familia za Ufaransa tangu utotoni. Ukubwani walitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia.

Lakini kupishana mnadani hakutoshi. Rafiki tunamtafuta kwenye umati, tunamwita kwa jina, na tukimkosea tunaona aibu. Shahidi asiye na mazoea hayo, akiitwa kumtambua mtuhumiwa wa asili nyingine, anaweza kumpeleka gerezani asiye na hatia.