FARASI MMOJA, MIKONO MINGI
Mafunzo kutoka kwa vijana wapanda farasi

Wakulima wengi wa nchi yetu hawana farasi, na huenda msomaji akauliza habari za farasi zatuhusu nini sisi wenye ng'ombe, mbuzi na punda. Neno hili silo la kununua farasi. Ni habari za chama cha vijana kilichodumu tangu mwaka 1929, ambacho viongozi wa matawi yake hufanya kazi bila mshahara. Vyama vingi vya vijana wetu hufa kabla ya mavuno ya pili. Basi yafaa tuwatazame wenzetu hufanyaje.

Chama chenyewe

Chama hicho huitwa Pony Club, na kilianzishwa Uingereza ili kuwafundisha watoto kupanda farasi na kuwatunza vizuri. Baadaye kilienea nchi nyingi. Marekani walianza chama chao cha namna hiyo mwaka 1954.

Kila tawi lina mkuu wake, na cheo chake ni District Commissioner, yaani D.C. Wazee wetu wanalikumbuka sana jina hilo! Lakini D.C. huyu hana askari, hakusanyi kodi, wala halipwi. Mara nyingi ni mzazi tu, au mtu aliyekuwa mwanachama zamani za utoto wake. Naye hafanyi kazi peke yake. Iko halmashauri: mmoja hutunza fedha, mwingine huandika barua, wengine hufundisha. Siku ya mashindano wazazi hupanga miti na bendera uwanjani, hupika chai, na kuandika matokeo.

Vijana nao hawakai bure. Iko mitihani ya ngazi, D, C, B na A, na A ndiyo ya juu. Mtihani hauulizi kupanda tu; huuliza pia malisho, kwato, tandiko na usafi wa banda. Yule aliyekwisha kupanda ngazi huwasaidia wadogo. Hivyo kiongozi wa kesho huanza kufundishwa leo.

Mchezo wa kushirikiana

Mwaka 1957 yalianza mashindano ya kombe la Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II. Nia yake ilikuwa kwamba mtoto mwenye farasi mdogo wa kawaida naye apate mahali pa kushindana, si watoto wa matajiri peke yao wenye farasi wa bei kubwa.

Kila timu ina vijana watano, na wanne hupanda katika kila mchezo. Mmoja hukimbiza farasi wake, huchukua bendera, hurudi, na mwenziwe huanza safari. Viboko haviruhusiwi. Kijana akiangusha bendera hushuka, huiokota, hupanda tena na kuendelea. Wakati huo wenzake wanangoja mstarini, na farasi wao wanataka kuondoka. Hapo ndipo timu hujulikana. Ikiwa watamfokea, mikono yake itatetemeka na ataiangusha tena. Ikiwa watamtia moyo, huenda wakashinda bado. Na farasi aliyezoea kupigwa hawezi kusimama kwa utulivu ili mtoto amshukie na kumpanda tena. Kwa hiyo ushindi huanza bandani, miezi mingi kabla ya siku ya kombe.

Kazi ya kila siku

Farasi hangoji mtu apate nafasi. Huhitaji maji safi siku zote, na mkubwa aweza kunywa lita 25 hadi 50 kwa siku. Tumbo lake ni dogo kuliko mwili wake, kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo mara nyingi. Hawezi kutapika, akila vibaya, msokoto wa tumbo waweza kumwua. Kwato zake husafishwa kila siku, na mgongo hutazamwa kabla ya kutiwa tandiko.

Wewe mwenye punda, mambo hayo yanakuhusu. Mpe maji, safisha kwato, na ukiona kidonda mgongoni usimtwike mzigo mpaka apone. Mfundishe mwanao kazi hiyo naye atajifunza kwamba mnyama hana Jumapili.

Vyama vyetu wenyewe

Hapa Kenya vyama vya 4K vilianza mwaka 1962. Maana ya jina ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Baada ya kufifia miaka mingi, Serikali ilivifufua mwaka 2021. Je, vitadumu?

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, nami naijua shule moja iliyokuwa na bustani nzuri na sungura wengi. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa mwalimu mmoja. Alipohamishwa, kabeji zilikauka katika muda wa mwezi mmoja, na sungura waliuzwa. Watoto walikuwa hodari, lakini hakuna aliyejua ufunguo wa ghala uko wapi, wala fedha za mbegu ziliandikwa katika daftari gani.

Basi nashauri hivi:

1. Kila kiongozi awe na msaidizi anayejifunza kazi yake.
2. Daftari ya fedha isomwe mbele ya wote kila mwezi.
3. Kazi za kumwagilia na kulisha zigawanywe kwa zamu, na zamu zibandikwe ukutani, hata za likizo.
4. Mtoto mkubwa afundishe wadogo wawili au watatu.
5. Mzazi asiyeweza kutoa fedha atoe asubuhi moja ya kazi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi, usingoje kuitwa. Nenda shuleni wiki hii, muulize mwalimu wa 4K zamu gani haina mtu, nawe uishike.