Miti: bei moja, mizigo miwili

Tuchukue wakulima wawili wa Miti, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, pale njia ya Bunyakiri inapoachana na ile ya Kavumu. Wote wamepasuliwa ngiri, na hati zao za malipo zinafanana: upasuaji, dawa, glavu, serumu, siku za kitanda. Mmoja ni mwanachama wa mituweli ya afya, mfuko wa kuchangiana gharama za matibabu. Anaonyesha kadi, analipa sehemu yake, mfuko unamalizia. Mwenzake anadaiwa yote. Mke wake amekwisha kuuza mbuzi, sasa anamtafuta mtu wa kumwekea shamba la mihogo rehani.

Marekani, asiye na bima huweza kuandikiwa bei kamili wakati kampuni za bima zimepunguziwa. Lakini kwa hawa wawili bei ni ileile. Mmoja alichangia kidogo kidogo akiwa mzima, mwingine anadaiwa kwa mkupuo akiwa na mshono tumboni.

Mituweli si ngeni Kivu Kusini. Ofisi ya afya ya Jimbo Kuu la Bukavu, BDOM, imezilea tangu miaka ya 1990, na sheria ya Februari 2017 ikazipa msingi nchi nzima. Shida ni kwamba wenye wagonjwa nyumbani hukimbilia kujiandikisha, wenye afya hungoja, na mfuko unaelemewa. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilianza majaribio ya mituweli mwaka 1999, kisha ikafanya kujiunga kuwa lazima.

Hospitali nayo imebanwa. Fedha za serikali ni haba, na primu, yaani marupurupu, za wauguzi wengi hutoka mifukoni mwa wagonjwa. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kumzuia aliyepona mpaka alipe. Chanzo chake nakielewa, ila siwezi kuitetea: mtu aliyezuiwa halimi, haendi sokoni, na jamaa zake wanaendelea kumletea chakula kwa pesa ambayo ingepunguza deni. Waasi wa M23 walipotwaa Kavumu na Bukavu, Februari 2025, benki zilifunga milango na noti zikaadimika, basi hata jamaa wa mjini aliyezoea kutuma chochote akashindwa.

Kwa hiyo michango ya mituweli ikusanywe majuma ya mavuno ya maharage, kaya inapokuwa na kitu mkononi, na ipokelewe kwa awamu. Asiye na kadi aandikiane deni na hospitali mbele ya chifu wa kijiji, kisha aruhusiwe kurudi nyumbani kulima.