Ugomvi Kazini Huanzia Wapi?

Leo napenda tuzungumze juu ya mzigo ambao wengi wetu huubeba kifuani tunapopanda basi Jumatatu asubuhi. Si uzito wa kazi yenyewe. Ni mtu. Kuna mtu fulani huko ofisini, kiwandani au shuleni, ambaye ukikumbuka kwamba utamkuta, chai inakosa ladha. Na tuangalie ugomvi wa namna hiyo hukua vipi, na ni njia gani huumaliza.

Mara nyingi huanza na kitu kidogo ambacho mtu huona hata haya kukitaja. Chukua mfano wa stoo. Karani amekataa kutoa kipuri bila karatasi yenye saini. Dereva anasema jana mwenzake alipewa bila karatasi. Maneno mawili matatu yanatupwa, tena mbele ya vibarua. Hapo ndipo penye sumu. Neno la kipuri lingekwisha kabla ya saa sita, lakini neno la kudharauliwa mbele ya watu dereva huenda nalo nyumbani, akalala nalo na kuamka nalo. Na ukichunguza utaona pengine hakuna mwenye kosa kubwa kati yao. Ni meneja ambaye hakusema waziwazi nani ana amri ya kutoa vitu. Kazi isiyo na mpaka ni kama shamba lisilo na mpaka. Hata ndugu wa tumbo moja watapigana humo.

Baadaye hufuata kimya. Watu hawa wawili hawasalimiani tena. Wanatumiana habari kwa mdomo wa tarishi. Watu wengi hudhani kimya ni amani. Mimi nakiogopa kuliko makelele, maana mtu anayepiga kelele bado anataka kusikiwa. Katika kimya hicho kila tendo hupewa maana mpya: akichelewa, amefanya kusudi, akicheka na mwingine, anatucheka sisi. Ndipo pande zinapotokea, meza hii na meza ile wakati wa chai ya saa nne. Na katika nchi yetu, wapendwa, hapo ndipo mtu fulani hukumbuka ghafula kwamba yule mwingine ni wa kabila lingine. Kipuri kimesahauliwa. Sasa faili zinapotea, barua za onyo zinaandikwa, na mwisho mwenye watoto wanne anarudi nyumbani bila kazi.

Hata migogoro mikubwa hufuata njia hiyo. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 walisimamisha kazi Mombasa: bandarini, kwenye reli, mpaka watumishi wa hoteli na wa nyumbani. Bei za vitu zilikuwa zimepanda sana wakati wa vita, mishahara ikabaki nyuma, na nyumba za kukaa zilikuwa shida. Wengi bandarini waliajiriwa siku kwa siku. (Neno letu “kibarua” lenyewe husemwa latokana na kile cheti kidogo, yaani barua ndogo, alichopewa mtu wa kazi ya siku.) Mtu wa namna hiyo angempelekea nani lalamiko lake? Leo yuko kwa nyapara huyu, kesho kwa yule. Walikuwa wamegoma mwaka 1939, na ugumu ukabaki. Basi maelfu wakawa wakikutana kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Baada ya siku 12 hivi walirudi kazini, Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa amewasihi warudi ili neno lao lisikilizwe. Baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker likawaongezea mishahara wengi wao. Lakini Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa Agosti mwaka uo huo akapelekwa kizuizini Baringo. Lalamiko lilipata masikio, ila baada ya gharama kubwa mno.

Tangu hapo nchi imejenga ngazi za kupandia. Mwaka 1964 ilianzishwa Mahakama ya Viwanda, ambayo leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema, kabla mtu hajafutwa kwa kosa au kwa kazi mbovu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Mgogoro ukifika kwa wizara, mpatanishi hupewa siku 30, na mgomo hutakiwa notisi ya siku saba. Wako wanaosema huko ni kuchelewesha haki. Mimi naona siku saba ni muda wa hasira kupoa na wa mtu kuhesabu watoto wake.

Msomaji wa Mathayo 18 hatashangaa. Huko twaambiwa tumwendee ndugu peke yake kwanza, kisha na mmoja au wawili, na kanisa liwe la mwisho. Sisi hupenda kuanzia mwisho: mwenye neno na karani humwendea kila mtu isipokuwa karani.

Tena angalieni Matendo sura ya 6. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume hawakuwakemea walionung’unika, wala hawakuhubiri juu ya uvumilivu. Walibadili mpango wa kazi, watu saba wakachaguliwa. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Yaonekana ufunguo wa stoo walikabidhiwa watu wa upande ule uliolalamika! Ni mameneja wangapi wangethubutu?

Hata hivyo si kila ugomvi huisha kwa kukaa meza moja. Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya Yohana Marko, aliyewaacha huko Pamfilia. Barnaba alitaka kumpa nafasi nyingine, naye alikuwa jamaa yake. Paulo alisema mtu aliyeiacha kazi haendi nasi. Kila mmoja alikuwa na sababu ya haki. Wakaachana: Barnaba na Marko wakaenda Kipro, Paulo na Sila wakapita Siria na Kilikia, na kazi ikawa safari mbili badala ya moja. Hatusomi kwamba mmoja alimchafulia mwenzake jina huko alikokwenda. Na miaka mingi baadaye, Paulo akiwa mfungwa, anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake, na amchukue Marko aje naye, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.