"The Exorcist III": filamu iliyonyimwa jina na mwisho wake

Leo tunaiangalia filamu ya kutisha iliyoanza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi Agosti mwaka 1990, ikakejeliwa na wengi, kisha ikasahaulika kwa miaka mingi.

Filamu hiyo ni The Exorcist III. Imetokana na riwaya iitwayo Legion, na mwandishi wa riwaya, William Peter Blatty, ndiye pia aliyeandika mswada wa filamu na kuiongoza.

Mkasa wake unaanzia kwenye jina. Blatty, aliyezaliwa New York mwaka 1928 na wazazi wenye asili ya Lebanon, alichapisha riwaya ya The Exorcist mwaka 1971. Miaka miwili baadaye William Friedkin aliigeuza filamu, ikateuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar na kushinda mbili, mojawapo ikiwa ya Blatty mwenyewe kwa uandishi wa mswada.

Mwaka 1977 ikatoka filamu ya pili, chini ya mwongozaji John Boorman. Blatty hakuwa na mkono ndani yake, na watazamaji waliicheka kumbini.

Alipochapisha Legion mwaka 1983, Blatty alikuwa na hadithi nyingine kabisa. Neno hilo linatoka katika Injili ya Marko, sura ya 5, pale pepo wengi waliomo ndani ya mtu mmoja wanapojitambulisha kwa jina la kikosi cha jeshi la Kirumi. Alitaka filamu yake iitwe hivyo hivyo. Kampuni ya Morgan Creek, iliyogharamia kazi hiyo, ililitaka jina linalouza tiketi.

Basi watu waliingia ukumbini wakitarajia msichana aliyepagawa na padri mwenye maji ya baraka. Walichokikuta ni polisi mzee anayezungumza.

Hapa inafaa tulitazame kidogo neno letu la kupunga pepo. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mganga hupiga ngoma, hufukiza ubani, humuuliza pepo anataka nini, na aghalabu humpatia ili akae kwa amani na mtu wake. Ni mazungumzo ya kutafuta mapatano. Padri wa Blatty hana mapatano ya kutoa. Kazi yake ni kumfukuza pepo, basi. Anayeitazama filamu hii huku akiwa na maana ya pwani kichwani hataelewa kwa nini hakuna anayemuuliza pepo haja yake.

Polisi na padri

Hadithi inatokea Georgetown, mtaa wa mji wa Washington. Miaka 15 imepita tangu Padri Damien Karras afe kwa kuanguka kwenye ngazi ndefu za mawe, mwishoni mwa filamu ya kwanza. Luteni Kinderman, anayeigizwa na George C. Scott, anachunguza mauaji ya kikatili yanayofuatana.

Kila maiti inakutwa na alama za muuaji aliyejulikana kwa jina la Gemini. Lakini Gemini aliuawa kwenye kiti cha umeme miaka 15 iliyopita. Wala haiwezekani kwamba kuna mtu anayemwiga, kwa sababu polisi walikuwa wameyapa magazeti maelezo ya uongo kuhusu alama zake. Tena alama za vidole zinazopatikana katika kila tukio ni za mtu tofauti.

Blatty alimchora Gemini kwa kumtazama muuaji wa kweli aliyejiita Zodiac, ambaye aliitia hofu California ya kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambaye hakuwahi kufikishwa mahakamani. Mwezi Januari mwaka 1974, gazeti moja la San Francisco lilipokea barua inayodhaniwa kuwa yake, na ndani yake aliitaja filamu ya The Exorcist.

Hata hivyo kitovu cha filamu, kwa maoni yangu, ni urafiki wa Kinderman na Padri Dyer, anayeigizwa na Ed Flanders. Wote wawili walimpenda Karras. Kila inapofika siku ya kifo chake hutoka pamoja kwenda sinema, na kila mmoja anaamini kuwa ndiye anayemliwaza mwenzake.

Wanataniana kama wazee waliozoeana. Kinderman analalamika kwamba hajaoga kwa siku kadhaa, kwa kuwa mama mkwe wake amemweka samaki mzima mzima kwenye beseni la kuogea ili ajisafishe kabla ya kupikwa. Tusisahau kwamba Blatty alianza kama mwandishi wa vichekesho. Alishiriki kuandika A Shot in the Dark ya mwaka 1964.

Kisha Dyer anauawa akiwa amelazwa hospitalini. Damu yake yote imetolewa bila tone kumwagika. Hatuonyeshwi tendo lenyewe. Tunamwona Kinderman tu, akijaribu kulitaja mbele ya wenzake huku sauti ikimkatika. Tangu hapo swali lake si la kipolisi tena: mtu anayeona maovu haya kila siku atamwaminije Mungu?

Ushoroba wa hospitali

Wapenzi wa filamu za kutisha huizungumzia sana sehemu moja. Kamera imesimama mwisho wa ushoroba mrefu wa hospitali, usiku. Muuguzi yuko peke yake mbali kule mbele. Anasikia kitu, anaingia chumbani kukagua. Ni barafu inayopasuka ndani ya glasi. Mgonjwa anakurupuka na kumkaripia. Mtazamaji anashtuka, kisha anapumua.

Kamera inarudi palepale ilipokuwa. Hakuna muziki. Askari wa ulinzi anapita na kuondoka. Muuguzi anakagua mlango mwingine, anaufunga, anageuka aende zake, na mara nyuma yake anatokea mtu aliyejifunika shuka jeupe, ameshika mkasi mkubwa wa upasuaji. Ni sekunde chache tu, na damu haionekani.

Siri yake ni umbali. Kwa dakika kadhaa tumepewa nafasi ya kuuchungulia kila mlango kwa macho yetu, tukaamini kuwa tunaona kila kitu.

Nguvu nyingine imo katika chumba namba 11 cha wodi ya wagonjwa wa akili. Humo amefungiwa mtu asiye na jina mwenye sura ya Karras. Anapoanza kusema kama Gemini, tunamwona Brad Dourif, mwigizaji wa One Flew Over the Cuckoo's Nest na sauti ya mwanasesere Chucky. Ananong'ona, analia, ananguruma, na karibu muda wote amekaa tu.

Miisho mitatu

Katika riwaya hakuna upungaji wa pepo hata kidogo. Gemini alikuwa akiua ili kumfedhehesha baba yake mhubiri aliyemtesa utotoni. Baba anapokufa, sababu inakwisha, naye anajifia.

Katika filamu kama Blatty alivyoipiga kwanza, Kinderman anaingia chumbani na kumpiga risasi mfungwa. Dourif peke yake ndiye aliyekuwa mfungwa huyo.

Kampuni haikuridhika. Ilitaka ibada ya kufukuza pepo, maana jina la filamu lilikuwa limeshaiahidi. Jason Miller, Karras wa mwaka 1973, akaitwa arudi, na Nicol Williamson akaingizwa kama Padri Morning, mtu ambaye hadithi haikumhitaji. Zikafuata radi, moto na sakafu inayopasuka. Kipande hicho kinaonekana kama kiraka cha kitambaa kingine. Scott aliteuliwa hata kuwania tuzo za kejeli za Razzie, jambo ambalo ni dhuluma kwa kazi aliyoifanya.

Mwaka 2016 kampuni ya Scream Factory ilitoa toleo linalokaribia nia ya kwanza ya Blatty. Picha za asili zilikuwa zimepotea, hivyo sehemu kadhaa ziliokolewa kutoka kwenye kanda za zamani za video, zenye ukungu na rangi zilizofifia. Blatty alifariki dunia Januari mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 89.

Kwa anayetaka kuitazama kwa mara ya kwanza, ningemshauri aanze na toleo la mwaka 1990 pamoja na kasoro zake, kwa kuwa picha ni safi na Miller anagusa moyo. Lile la 2016 alitazame baadaye, na asishangae linapokatika ghafla: risasi zinalia, na hadithi imekwisha.