Nembo na Lugha ya Bendera

Mchoraji anayebuni nembo ya jarida la merikebu za anasa huvutwa upesi na bendera za ishara za baharini. Maumbo yake ni sahili, na rangi zake ni tano tu: nyekundu, buluu, njano, nyeusi na nyeupe. Lakini bendera hizo si pambo, ni lugha. Katika Kanuni za Kimataifa za Ishara, ambazo asili yake ni kitabu kilichotolewa Uingereza mwaka 1857, kila herufi ina bendera yake, na karibu kila bendera, ikipandishwa peke yake, hutamka sentensi nzima.

Tuchukulie kwamba jarida linaitwa Jahazi. Bendera ya J ni mistari mitatu ya kulala, buluu, nyeupe na buluu. Mchoro mtulivu, wa kupendeza macho ya matajiri. Baharia atasoma humo kwamba chombo kinawaka moto, kimebeba shehena ya hatari, na wengine wakae mbali nacho! Si mwaliko wa kuwapa wasomaji.

Bendera ya K, nusu njano nusu buluu, husema: nataka kuwasiliana nawe. Kwa chombo cha habari hiyo ingefaa zaidi, tena kuliko nanga na matanga yaliyokwisha kutuchosha. Hata ikichapwa kwa wino mweusi pekee, nusu moja hubaki nyepesi na ya pili nzito.