Muuguzi anaposhitakiwa, nani aketi karibu naye?



Hospitali na vituo vingi vya afya huku mashariki ni vya makanisa yetu ya ECC. Kwa hiyo muuguzi akilaumiwa, mara nyingi anayemwita ni kanisa lenyewe, na sisi wachungaji tumo katika komite. Anafika peke yake, na kwa woga anatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma vizuri.

Tutofautishe njia tatu. Ya kwanza ni ya mwajiri: inaanza kwa barua ya kuomba maelezo, na inaweza kuishia kwa onyo, kusimamishwa au kufukuzwa. Ya pili ni ya Ordre ya Wauguzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosimamia maadili ya kazi hiyo. Ya tatu ni ya tribinali, kama vile familia ya mgonjwa aliyekufa ikipeleka mashitaka. Neno lililoandikwa katika njia moja linaweza kusomwa katika nyingine. Ndiyo sababu msaada unahitajika tangu barua ya kwanza, si siku ya hukumu.

Muuguzi afanye nini? Aombe mashitaka kwa maandishi. Ajibu kwa wakati, kwa ufupi na kwa kweli. Atunze nakala ya kila barua. Aandike nani walikuwa zamu na dawa gani zilikosekana. Asibadilishe fishi ya mgonjwa hata kidogo. Aombe kusindikizwa na mjumbe wa sendika au avoka. Katika kesi ya jinai, Katiba yetu, kifungu cha 19, inampa haki ya kusaidiwa na mtetezi anayemchagua, hata mbele ya polisi. Asiye na pesa aulize kwenye Baro ya mawakili juu ya ofisi ya ushauri wa bure.

Wengine husema kumtafutia avoka ni kuficha dhambi. Hapana. Mama aliyefiwa na mtoto anastahili ukweli, na ukweli haupatikani upande mmoja ukinyamazishwa. Katika Matendo 25, Festo, mtawala Mrumi, alieleza kwamba Warumi hawamtoi mtu kabla hajakutana uso kwa uso na washitaki wake na kupata nafasi ya kujitetea. Je, komite ya kanisa ifanye chini ya hapo?

Kama muuguzi amekosa, aadhibiwe. Lakini kwanza asikilizwe, na mtu awe ameketi karibu naye.