Moyo wa Mkimbiaji: Kweli au Si Kweli?

Alfajiri, kabla magari hayajasongamana, wakimbiaji wa Kisauni, Mombasa, huvuka Daraja la Nyali. Wa Likoni na Changamwe nao wako njiani. Na kwenye baraza za kahawa hakosi mtu wa kuonya: "Huyo moyo utampasuka!" Tuyapime yasemwayo.

"Moyo una mapigo yake ya kuhesabika, ukikimbia unayamaliza mapema."
SI KWELI. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku. Wa mkimbiaji aliyezoea, akiwa ametulia, waweza kupiga 50 tu. Hata akikimbia saa nzima kwa mapigo 150, siku yake haifiki 80,000. Basi nani anayemaliza?

"Moyo ukitanuka ni ugonjwa."
SI KWELI kila mara. Uliotanuka kwa presha ni mgonjwa. Wa mkimbiaji kwa kawaida umepata nafasi ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mmarekani Clarence DeMar alionywa na madaktari kuhusu moyo wake, akashinda Boston Marathon mara 7. Alikufa kwa saratani mwaka 1958. Uchunguzi wa maiti ukakuta mishipa ya moyo wake ina upana mara mbili hadi tatu ya kawaida.

"Mkimbiaji hapatwi na maradhi ya moyo."
SI KWELI. Jim Fixx, aliyewahamasisha Wamarekani wengi kukimbia, alianguka akikimbia mwaka 1984, akafa akiwa na miaka 52. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba. Kabla ya kuanza mbio alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na babake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43.

"Mbio ndefu zinaua watu wengi."
SI KWELI. Marekani, kati ya 2000 na 2010, watu takriban milioni 10.9 walishiriki marathon na nusu marathon. Waliosimamiwa na moyo ni 59, na kati yao wakafa 42.

"Joto la Mombasa huuongezea moyo kazi."
KWELI. Damu hutakiwa kwenye misuli na papo hapo kwenye ngozi ili mwili upoe, huku jasho likipunguza maji mwilini. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa kisiwani, joto liliwashinda wengi. Hata Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, alijitoa. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kimbia kabla jua halijapanda.

"Kifua kikiuma, kaza tu; ni uchovu."
SI KWELI, na hili ndilo la hatari kuliko yote. Kifua kikibana, ukiona kizunguzungu au moyo ukienda mbio ovyo, simama, uende hospitali. Mwenye presha, sukari, au ndugu aliyekufa ghafla angali kijana, apimwe kwanza, ndipo aanze pole pole.